Kocha Aliyeuliza Kuhusu Kuachwa

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katikati ya meza ya sebuleni kwa dada yangu, hapa Moshi. Kwetu jua lilikuwa linazama. Kwa aliyetupigia, Marekani, ilikuwa bado asubuhi. Alikuwa kocha wa timu ya gofu ya wasichana wa chuo kikuu kimoja. Akamsalimia mpwa wangu, akawasalimia wazazi mmoja mmoja, akaulizia shule. Sote tulikuwa tumejiandaa kwa maswali ya handikapu, ile namba ya kupimia uwezo wa mchezaji wa gofu, na matokeo ya mashindano. Shemeji alishayaandika yote kwenye karatasi. Kocha hakuyagusa.

"Nikikuacha nje ya wachezaji watano wa safari," aliuliza, "wiki mbili mfululizo, Jumatatu yake utafanya nini?"

Binti alimwangalia mama yake. Mama yake akaniangalia mimi. Karatasi ya shemeji haikuwa na jibu la swali hilo.

"Nitakuuliza nimepungukiwa wapi," akasema, kwa Kiingereza cha darasani, "halafu nitarudi kufanya mazoezi."

Kocha akainama, akaandika kitu.

Simu ilipokatika dada yangu alikuwa amekasirika. "Hajamchukua bado, ameshaanza habari za kumwacha?" Na Jumamosi yake, klabuni, nilipomsimulia mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyewafundisha makedi wengi wa hapa, wanaowabebea wachezaji mifuko ya fimbo, kushika fimbo, alinipa lake. "Mwanangu," alisema, "kocha hodari anafundisha wanaolipwa. Huyo aliyebaki na watoto wa shule, ujue kwingine alishindwa."

Sikuwa na la kumjibu.

Neno lile lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Tunataka kumkabidhi mtoto wetu kwa mtu huyu kwa miaka minne, ng'ambo, na kumbe hakuna hata mmoja wetu anayejua kazi yenyewe ni kazi gani. Mchezaji tunajua kumpima, matokeo yake yako ubaoni. Kocha wa chuo anapimwa kwa nini? Nikaanza kusoma habari za waliomaliza maisha yao ya kazi humo, wanawake hasa.

## Tulsa, 1974

Nilianza na Dale McNamara kwa sababu alianza bila kitu. Mwaka 1974 aliunda timu ya gofu ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Tulsa, jimbo la Oklahoma, akaiongoza hadi mwaka 2000. Sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipite. Kuanzisha timu ya wasichana wakati ule kulimaanisha kwenda kubisha hodi ofisini na kuomba.

Miongoni mwa wachezaji wake wa mwanzo alikuwa Nancy Lopez, binti aliyekulia Roswell, New Mexico. Mwaka 1976 Lopez akawa bingwa wa taifa wa vyuo. Mwaka 1977, baada ya miaka miwili tu ya chuo, akaondoka kwenda kucheza gofu ya kulipwa. Mwaka 1978, msimu wake wa kwanza kamili, alishinda mashindano tisa, matano kati ya hayo mfululizo. Marekani nzima ikamjua.

Na Tulsa?

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Una timu ya miaka mitatu. Umepata mchezaji ambaye huenda usipate mwingine kama yeye maisha yako yote. Kamaliza miaka miwili, anakuja kukuaga. Ukimzuia, unamwibia. Ukimwachia, Jumatatu unabaki na wale wengine, ambao wanajua vizuri kwamba macho yako yote yalikuwa kwa yule aliyeondoka.

McNamara akabaki na wale wengine. Mwaka 1980 Tulsa ilitwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 1982 ikatwaa mara mbili kwa mpigo. Mwaka ule AIAW, chama kilichokuwa kimeanzishwa na kuendeshwa na wanawake wenyewe, kilikuwa kinafanya mashindano yake ya mwisho, na NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani kilichokuwa kimezoea wanaume, ilikuwa inafanya ya wanawake kwa mara ya kwanza. Kocha yuleyule akabeba kombe la mwisho la huku na la kwanza la kule.

Makombe hayo hayana Lopez ndani yake. Ndiyo yaliyoanza kunifungua macho. Kumpata Lopez ni jambo la bahati pamoja na jicho zuri. Kujenga timu ya bingwa baada ya Lopez kuondoka kunahitaji ujuzi mwingine kabisa, na ujuzi huo mchezaji wa kulipwa hahitaji kuwa nao.

## Binti wa kocha

Mwaka 1988 Tulsa ikawa bingwa tena, na aliyeshinda upande wa mchezaji mmoja mmoja alikuwa Melissa McNamara, binti wa kocha. Nikajiuliza ilikuwaje nyumbani kwao. Mama anayepanga watano wa kwenda mashindanoni, na mmoja wa wanaosubiri kupangwa ni mwanawe wa kumzaa. Akimweka, watasema upendeleo. Akimwacha, atakula naye chakula cha jioni.

Melissa akaenda kucheza kwa kulipwa, akashinda shindano la LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake, kule Stratton Mountain, Vermont, mwaka 1991. Kisha akarudi chuoni kuwa kocha. Mwaka 2000 aliipokea timu ya Tulsa kutoka mikononi mwa mama yake. Mwaka 2002 akaenda chuo kikuu cha Arizona State, sasa akiitwa Melissa Luellen.

Nilifurahi nilipofika hapa. Nilidhani nimepata jibu la kumpelekea mzee: huyu alilipwa, akashinda, na bado akachagua watoto wa shule. Halafu furaha ikapungua, kwa sababu namjua mzee. Angenitazama na kusema, "Ushindi mmoja? Si ndicho nilichokwambia?" Na kweli, ukitazama kwa jicho la mchezaji, anayeshinda mara moja kisha akawa kocha anaonekana kama aliyekosa kilicho kikubwa akachukua kilichobaki.

Kwa hiyo nikaacha kutafuta jibu kwenye walichokifanya kabla ya kuwa makocha.

Arizona State aliyoikuta Luellen haikuwa timu changa. Linda Vollstedt alikuwa ameiongoza kuanzia 1980 hadi 2001 na kuchukua mataji sita ya taifa kati ya 1990 na 1998. Kurithi kiti cha namna hiyo ni mtihani: ukishinda, wanasema timu ilikuwa tayari, ukishindwa, wanasema umeiharibu. Ilimchukua Luellen miaka saba.

Na tazama taji lenyewe lilikujaje. Alikuwa na Anna Nordqvist, Msweden mwenye kipaji kikubwa. Kabla msimu wa 2009 haujafika ukingoni, Nordqvist alikuwa ameshaondoka kwenda kucheza kwa kulipwa. Mwezi Mei mwaka huo, katika uwanja wa Caves Valley jimboni Maryland, Arizona State ikatwaa ubingwa bila yeye. Mwezi uliofuata, Nordqvist akashinda LPGA Championship, moja ya mashindano makubwa kabisa ya wanawake, katika jimbo hilohilo la Maryland.

Ndani ya wiki chache, aliyeondoka kashinda na waliobaki wameshinda.

Jambo kama hilo lilijirudia Stanford miaka kumi na kitu baadaye. Rose Zhang alitwaa ubingwa wa vyuo wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 2022 na 2023, akaingia gofu ya kulipwa, akashinda shindano lake la kwanza kabisa akiwa mchezaji wa kulipwa, jambo ambalo kwenye LPGA halikuwa limetokea tangu 1951. Mwaka uliofuata, 2024, Stanford bila Zhang ikawa bingwa wa taifa. Wenye vipaji wanaondoka kila mahali. Nilichokuwa natafuta ni nini kinatokea Jumatatu.

## Watano

Wengi wanaosoma hapa wanacheza gofu au wana ndugu anayecheza, kwa hiyo sitaeleza mchezo. Nitaeleza kile ambacho mimi sikukielewa mpaka nilipoanza kufuatilia.

Timu ina wachezaji wanane, tisa, wakati mwingine zaidi. Kwenye mashindano wanapangwa watano. Kwa watano hao, kila raundi zinahesabiwa alama nne bora. Ya tano inatupwa. Maana yake kila wiki ya mashindano kuna wasichana wanaobaki chuoni wakiwaangalia wenzao wakipakia mabegi kwenye gari, na hata kati ya waliopakia kuna mmoja atakayehangaika mashimo 18 kwenye upepo halafu alama yake isihesabiwe. Hao wote ni wake kocha. Wote wanaingia darasani Jumatatu. Na katika msimu sheria za NCAA zinampa saa 20 tu kwa wiki za shughuli za mchezo na kila mchezaji, kwa hiyo hawezi kuficha ubovu wa uamuzi wake nyuma ya mazoezi marefu.

Sasa nilielewa kwa nini yule kocha aliuliza alichouliza. Uhodari wa mpwa wangu ameshauona kwenye video. Kinachomsumbua ni siku atakayomwambia "wewe unabaki".

Kuna jambo lingine, na hili makedi wetu watalielewa haraka kuliko mtu yeyote. Huku kwetu, mchezaji anatembea na kedi. Kedi anaujua uwanja, anajua grini, yale majani mafupi kuzunguka shimo, inamwaga upande gani, anajua bosi wake akikasirika anapeleka mpira kulia. Kwenye gofu ya vyuo Marekani hakuna kedi. Msichana anabeba mfuko wake mwenyewe au anausukuma kwenye kigari. Anayeruhusiwa kumsogelea na kumshauri ni kocha, na kocha ana wachezaji watano waliotawanyika kwenye mashimo tofauti. Lazima achague aende kwa nani. Akitembea na mmoja, wanne wako peke yao.

Jifunze kumtazama kocha kwenye picha za mashindano hayo. Utamwona kwenye nyasi ndefu, pembeni, hatua chache kutoka kwa mchezaji. Mara nyingi mikono iko mfukoni. Anaweza kusema chochote na anaamua kunyamaza.

Mwaka 2015 ubingwa wa wanawake ulibadilishwa: timu zilizofika mwisho zikaanza kukutana ana kwa ana, mchezaji kwa mchezaji, shimo kwa shimo, mechi tano. Fainali ya kwanza ya mtindo huo ilikuwa Stanford na Baylor, kwenye uwanja wa Concession, Bradenton, Florida. Kocha wa Stanford alikuwa Anne Walker, Mskoti aliyekwenda California kuchezea chuo cha Berkeley, akawa kocha UC Davis, kisha mwaka 2012 akachukuliwa na Stanford. Msimu huohuo aliofika yeye ndio aliofika Mariah Stackhouse, msichana Mmarekani mweusi ambaye katika mwaka wake wa kwanza alipiga raundi ya mikwaju 61, rekodi ya NCAA kwa wanawake.

Mechi nne zikawa mbili kwa mbili. Ikabaki ya Stackhouse na Hayley Davis. Stackhouse alikuwa nyuma kwa mashimo mawili, na yamebaki mashimo mawili. Kosa moja, basi. Akalichukua la 17. Akalichukua la 18. Wakaenda shimo la nyongeza, akalichukua hilo pia. Stanford ikapata ubingwa wake wa kwanza wa NCAA katika gofu ya wanawake.

Nimejiuliza sana Walker alisema nini kati ya shimo la 16 na la 17. Sasa nadhani swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Kilichofanya kazi pale kilikuwa kimesemwa ndani ya miaka mitatu iliyopita, siku ambazo hapakuwa na watazamaji. Saa ile ya shimo la 17 kocha hana fimbo, hana mchezaji wa akiba, hana muda wa mapumziko wa kubadilisha mbinu kama kwenye mpira wa miguu. Ana kile tu alichokwisha kukiweka ndani ya mtoto wa watu.

Kocha wa wanaolipwa anaajiriwa na mchezaji mmoja, na mchezaji huyo akichoka naye anamlipa chake wanaachana. Huyu wa chuo anawachagua wakiwa bado sekondari, NCAA ikimruhusu kuwasiliana nao kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wao wa pili wa sekondari; anawapokea wakiwa na miaka 18, analia nao misiba ya nyumbani, anahakikisha hawafeli hesabu, halafu kila mwaka anaaga kundi moja na kuanza na lingine. Mzee anasema huyo alishindwa kwingine. Mimi nadhani kazi hii ni ngumu kuliko hiyo nyingine, na nasema hivyo nikimheshimu.

## Swali la dada yangu

Hasira zilipopungua, dada aliuliza jingine. "Lakini ni mwanamke. Hilo limenituliza. Angekuwa mwanamume ungeniambia nini?"

Hili ni gumu, na sitaki kulipita juujuu.

Kabla ya Title IX, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani zilikuwa chini ya makocha wanawake. Wengi walikuwa walimu wa michezo waliofanya kazi hiyo kwa malipo kidogo au bila malipo. Sheria ikaleta fedha, safari, ufadhili wa masomo, mishahara. Wasichana wanaocheza wakaongezeka sana. Na kadiri kiti kilivyopata mshahara, wanaume wakakitaka, na waliokuwa wanachagua makocha walikuwa wanaume. Leo makocha wanawake kwenye timu za wanawake ni kama asilimia 40 na kidogo. Sheria iliyomfungulia binti uwanja ilimpunguzia mama yake kazi. Inaniuma kila nikiisoma.

Lakini haki inanilazimu niseme na hili. Kocha aliyekusanya mataji mengi zaidi ya taifa katika gofu ya wanawake ya NCAA ni mwanamume, Dan Brooks wa Duke. Alianza mwaka 1984. Taji la kwanza lilikuja 1999. Miaka 15! Klabu gani ya kwetu ingemvumilia kocha miaka 15 bila kombe hilo? Baada ya hapo yakaja 2002, 2005, 2006, 2007, 2014 na 2019. Mikononi mwake alipita Céline Boutier wa Ufaransa, aliyeshinda Evian Championship mwaka 2023, na Leona Maguire wa Ireland.

Alipita pia Jenny Chuasiriporn. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi wa Duke, alilingana na Pak Se-ri kwenye U.S. Women's Open, wakalazimika kurudi siku iliyofuata kucheza mashimo 20 zaidi ndipo Pak akashinda. Mwaka uliofuata Chuasiriporn alikuwa kwenye timu iliyompa Brooks taji la kwanza. Akajaribu gofu ya kulipwa, haikumkubali, akaiacha akasomea uuguzi. Akawa muuguzi.

Nilimsomea dada habari hiyo. Akauliza kama ana furaha, huyo muuguzi. Nikamwambia Duke alipata shahada, na shahada ndiyo iliyomwezesha kugeuza njia. Akanyamaza, kisha akasema anachotaka yeye ni hicho: kwamba gofu ikimkataa binti yake, kuwe na mlango mwingine uliokwisha kufunguliwa.

Bado natamani awe chini ya kocha mwanamke. Natamani aone, kila siku ya wiki, mwanamke anayekata maamuzi magumu na kulipwa kwa kazi hiyo, maana huku kwetu bado hajawaona wengi. Kenya wana Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza nchini humo kuingia gofu ya kulipwa, aliyegeuka akafungua mahali pa kuwalea wasichana Nairobi. Tungekuwa na akina Naliaka kumi Afrika Mashariki, huenda nisingekuwa naandika haya. Ila simwambii tena dada kwamba kocha mwanamume asikubaliwe. Namwambia tuulize maswali yaleyale.

## Tulichomwandikia kocha

Mambo yanabadilika hata tunavyoongea. Kwa miaka mingi timu ya gofu ya wanawake ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili wa watu sita, ambao kocha aliweza kuugawa vipande. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA havina kikomo hicho cha ufadhili, ila timu isizidi wachezaji tisa. Fedha inaweza kuongezeka, viti vinapungua. Kocha aliyezoea kubaki na msichana wa kumi na wa kumi na moja kwa sababu tu anakua taratibu, sasa atalazimika kumwambia aondoke.

Tumekaa juzi, binti, wazazi wake na mimi, tukaandika barua pepe. Binti ndiye aliyeandika. Sisi tulikuwa tunabishana pembeni. Tumeuliza wangapi wamemaliza shahada kati ya walioingia miaka sita iliyopita. Tumeuliza nani anaendesha gari usiku timu ikitoka mashindanoni. Tumeuliza akiumia mgongo mwaka wa pili, ufadhili unakuwaje, kwa sababu ofa nyingine ni za mwaka mmoja mmoja na kocha ana sauti kubwa katika kuzihuisha. Shemeji alitaka tuongeze handikapu na matokeo yote, nasi tukamwachia ayaambatanishe.

Kocha amejibu mawili ya kwanza kwa urefu. La tatu amesema ofisi ya chuo italijibu kwa maandishi, nasi tumesema tutasubiri maandishi. Dada amekwisha kuniambia karatasi ikifika nianze kumsomea kipengele cha mwaka wa pili, huo wa kwanza tutaurudia baadaye.